Somo la Mwezi: "Tukirudi Nyumbani Nitaacha"

Tusome: Yeremia 28:1-11, Yeremia 29:1-10, Waefeso 4:22-24



Mwezi huu siulizi kama kunywa kanyanga ni dhambi. Hilo tumelifundisha sana, na wanaokunywa wanalijua. Nauliza kwa nini mtu anayelijua, tena aliyelia mbele ya kanisa Jumapili, anarudi kwenye chupa Jumatano.

Ndugu mmoja ameniruhusu niandike habari yake bila jina. Ameapa kuacha mara nne. Mara ya nne aliweka mkono juu ya Biblia mbele ya mke wake. Nilimwuliza, "Unapoinua kikombe cha kwanza unajiambia nini?" Alinyamaza sana, kisha akasema: "Najiambia kwamba haya si maisha yangu, pasta. Tukirudi nyumbani nitaacha." Kila jioni anakaa pale taa za Bukavu zinapoonekana ng'ambo ya maji, na hana kazi mpaka usingizi umpate.

Ndugu msomaji, alikuwa anapigana na chupa, lakini mzizi uko katika lile neno "tukirudi". Kama maisha ya hapa si yangu, basi pesa ya chakula ninayoinywa si yangu, na mtoto anayenitazama nikianguka mlangoni atanisahau hivyo tukifika kwetu.

Wayahudi waliohamishwa Babeli walikuwa na wazo hilohilo, na walikuwa na nabii wa kulibariki. Hanania alitangaza hekaluni kwamba mateka watarudi katika miaka 2. Neno tamu! Nani atapanda bustani kwa miaka 2? Yeremia aliitikia amina, maana yeye pia alitamani warudi. Lakini Bwana alimtuma awaandikie barua nyingine kabisa: wajenge nyumba, wapande na kula, waoze watoto wao, wauombee amani mji walimo, kwa kuwa itakuwa miaka 70. Barua hiyo haikuwaambia wasahau Yerusalemu. Iliwaambia kwamba siku za Babeli nazo zinahesabiwa.

Sisi tunao mfano karibu. Kambi ya Kiziba, kule Karongi, ilifunguliwa mwaka 1996. Wako waliofika wakiwa wamebebwa mgongoni, leo wana watoto wao. Aliyesema "nitaacha tukirudi" mwaka ule angekuwa anakunywa mpaka leo.

Mimi mwenyewe sikunywa, lakini nilikaa miaka 2 bila kufungua gunia la vitabu vyangu vya chuo cha Biblia. Niliona nikilifungua nitakuwa nimekubali kukaa. Wazo ni lile lile, ila langu halikunuka.

Hapa Gihundwe ndipo wamisionari Waswidi waliotoka Kongo walipoanza kazi ya Kipentekoste nchini Rwanda mwaka 1940. Makanisa yetu mengi yamekuwa makali juu ya pombe tangu zamani. Ukali huo umeokoa nyumba nyingi. Naona pia umewafundisha wengine kutafuna majani kabla ya ibada ili tusisikie harufu.

Sasa tuangalie Waefeso 4. Paulo anataja kuvua, kisha kufanywa upya katika nia, kisha kuvaa. Sisi tunahubiri kuvua tu, tunamwacha mtu uchi saa kumi na mbili jioni, saa ile ile aliyozoea kunywa. Yule ndugu sasa ana vitalu vitatu vya mchicha. Anavimwagilia saa hiyo hiyo, na jirani asiyekunywa anakwenda naye. Alichagua mwenyewe kupanda. Siku aliyochimba alimwambia mke wake, "Tutakula hapa." Nilifurahi kuliko siku alipoapa.

Alianguka tena wiki ya tatu. Hatukumfukuza kikundini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha London walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya watu 96 waliojaribu kujenga zoea jipya jema, kama kula tunda kila siku. Kwa wastani zoea lilikaa baada ya siku 66. Wengine ilikuwa siku 18, na kwa wengine ilikadiriwa kufika 254. Kukosa siku moja hakukuvunja kazi. Kwa hiyo tusimpe mtu mfungo wa siku 3 halafu tumwite mwongo siku ya 20.

Neno zito kwa familia: aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikatize ghafla peke yake nyumbani. Siku za kwanza anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu ambavyo havipo, hata kuanguka kama mwenye kifafa, na wengine hufa. Msiseme ni pepo mkamfungia chumbani. Mpelekeni hospitali, nasi tutaomba tukiwa njiani.

Kwa vikundi vya nyumbani: kila mmoja aseme jambo moja aliloahirisha mpaka "tukirudi", hata kama si pombe. Wanaume waanze kusema. Mama ambaye mume wake anakunywa aje hata kama mume hataki kuja, na asiulizwe maswali mbele ya watu.