Picha za Misuli kwa Mtoto Mwenye Duchenne, na Tahadhari ya Nusukaputi

Duchenne ni ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli unaotokana na hitilafu ya vinasaba, na karibu wote wanaougua ni wavulana. Mwili hushindwa kutengeneza distrofini, protini inayokinga ukuta wa seli za misuli. Seli huchanika kadiri mtoto anavyokimbia, na mahali pake hujaa mafuta na makovu. Dalili huanza kati ya miaka 2 na 5. Mtoto huanguka mara kwa mara, huachwa nyuma na wenzake kwenye njia za mashamba ya miwa ya Ruhembe, Morogoro, na akiinuka mkekani hushika magoti, kisha mapaja, akijikweza kwa mikono. Vigimbi vyake hunenepa, na wengi huvisifia. Unene huo si nguvu. Ugonjwa wenyewe si laana wala mkono wa mtu.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kiitwacho CK. Cha kuthibitisha ni cha vinasaba. Picha huonyesha msuli upi umeharibika na kwa kiasi gani.

Eksirei ya mguu haisaidii hapa. Huonyesha mfupa, na mzazi akiambiwa mfupa ni mzima bado hajajibiwa. CT huonyesha mafuta ndani ya msuli, ila kwa mionzi. Mashine za mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Hata hivyo mtoto hapigwi mionzi pasipo sababu.

Altrasaundi haina mionzi wala haihitaji usingizi. Msuli mzima huonekana mweusi wenye vistari vyeupe, na chini yake mstari wa mfupa unang'aa. Msuli mgonjwa hugeuka mweupe kama ukungu, na mstari wa mfupa hufifia hadi kupotea. Mwaka 1982 Heckmatt na wenzake, jijini London, walipanga hali hizo katika madaraja 4 yanayotumika mpaka leo.

MRI, iliyopo katika hospitali za Muhimbili na Benjamin Mkapa Dodoma, huona zaidi. Hutumia sumaku, hivyo chuma chochote hubaki nje ya chumba. Mafuta hung'aa meupe: matako na misuli mikubwa ya mapaja huharibika mapema, huku misuli miembamba ya paja la ndani ikidumu muda mrefu. Picha ikirudiwa, kasi ya ugonjwa hupimika.

Lakini MRI hutaka mtoto alale bila kutikisika kwa muda mrefu, na mdogo hawezi. Hapo ndipo hupendekezwa nusukaputi, na hapo ndipo penye hatari. Suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, hupasua seli zilizo dhaifu. Potasiamu humwagika kwenye damu na moyo unaweza kusimama palepale. Mtoto mwenye Duchenne hapewi dawa hiyo. Gesi za usingizi kama halothani nazo huepukwa. Hutumika dawa za kuchoma kwenye mshipa, moyo na pumzi vikifuatiliwa. Hili linasisitizwa kwa kuwa hupuuzwa: mtaalamu wa usingizi huambiwa kuwa mtoto ana Duchenne kabla ya sindano yoyote, hata kama mtoto anaonekana mzima, hata kama ni picha tu.

Moyo nao ni msuli. Kipimo cha eko hufanywa ugonjwa unapogunduliwa, kisha kila mwaka. Anayetumia predinisoloni, dawa ya kupunguza kasi ya ugonjwa, haikatishi ghafla kwa sababu ya safari ya hospitali.

Bima huulizwa kwenye dawati lake kabla ya kuondoka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ni ya mwaka 2023, na vitita vina masharti yake. Rufaa kutoka Ruhembe hupitia Mikumi na Morogoro kabla ya Muhimbili. Barua ikiandikwa "maumivu ya miguu" bila neno Duchenne, mtaalamu wa usingizi hana namna ya kujua.