RADONI: HATARI ISIYOONEKANA NDANI YA NYUMBA



Wapenzi wanafunzi na wazazi, kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio matano ya Sharia. Kwa hiyo leo tujifunze jambo linalowahusu zaidi ndugu zetu walioko Marekani, nalo ni kupima nyumba.

Mnamo Desemba 1984, injinia Stanley Watras alikuwa akifanya kazi katika kinu cha nyuklia cha Limerick, jimboni Pennsylvania. Kila alipopita penye mashine ya kupima mionzi, kengele ililia. Ajabu ni kuwa kinu kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme! Nyumba yake ilipopimwa, hewa ilikutwa na radoni pikokiuri 2,700 kwa lita. Nchini humo watu hushauriwa kurekebisha nyumba ikifikia 4 tu. Kumbe hatari ilikuwa nyumbani, si kazini.

Radoni ni nini?
Ni gesi itokanayo na madini ya urani yaliyomo ardhini. Haina rangi, harufu wala ladha. Hupenya kwenye nyufa za sakafu, na kuivuta kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya mapafu, hasa kwa mvuta sigara.

Hupimwaje?
1. Hewa: Madirisha na milango ya nje ifungwe tangu saa 12 kabla ya kupima. Kikopo chenye mkaa maalumu huwekwa chumba cha chini kabisa kinachokaliwa, sentimita 50 au zaidi juu ya sakafu. Baada ya siku zilizoelekezwa, zisizopungua 2, hufunikwa na kupelekwa maabara.
2. Maji: Wenye visima wapime pia maji, kwani radoni hutoka majini wakati wa kuoga na kufua. Chupa hujazwa pomoni, isibaki hewa, na kupelekwa upesi.

Ikizidi, hutiwa bomba chini ya sakafu, na feni huitoa gesi hadi juu ya paa. Nyumba ya Watras ilirekebishwa, naye akarudi na aila yake.

Tunajifunza nini?
Dhana si yakini. Asiseme mtu, "Jirani kapima, nami nimesalimika," kwani nyumba mbili zilizopakana huweza kutofautiana sana. Basi mwanafunzi mwenye ami, mjomba au shangazi huko, akimpigia simu kumjulia hali amwulize: "Nyumba mmeipima?"

Wabillahi tawfiq.