Risasi za Nyavu Zisiyeyushwe Nyumbani



Wewe unayevua dagaa huko Nkome au Chato unajua kwamba wavu usio na uzito chini hauvui kitu. Kamba ya juu ina maboya, kamba ya chini ina risasi. Risasi tunayoisema hapa siyo ile ya bunduki, ingawa jina ni moja, kwa kuwa za bunduki nazo zilitengenezwa kwa madini haya haya. Ni madini ya kijivu, laini, unaweza kuyakwaruza kwa ukucha. Tena ni mazito: ndoo moja ya risasi ina uzito wa zaidi ya ndoo 11 za maji.

Risasi ya dukani ni ghali. Basi wengine hununua betri chakavu za gari, au zile za taa za kuvulia dagaa, wakazipasua. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya namna hiyo ni risasi. Tulipotembelea kikundi kimoja cha kisomo kando ya ziwa, tulikuta kazi hiyo inafanyika nyuma ya jiko. Sufuria juu ya mafiga, mashimo madogo yamechimbwa ardhini kuwa kalibu, kuku wanapita, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameketi pale pale anacheza na vipande vilivyopoa. Tukamwambia mwenye kazi kwamba moshi ule ni sumu. Akatujibu, "Mwalimu, moshi wenyewe mbona siuoni? Huu unaouona ni wa kuni."

Mzee yule alisema kweli, na hapo ndipo penye hatari. Risasi huyeyuka kwenye joto la sentigredi 327. Moto wa mkaa ukipulizwa hupita hapo upesi, na kadiri joto linavyozidi ndivyo risasi inavyotoa mvuke usioonekana. Mvuke huo ukipoa unakuwa vumbi jembamba sana. Pia juu ya risasi iliyoyeyuka huelea taka, kama mavi ya chuma kwa mhunzi. Watu huziengua kwa kijiko na kuzimwaga hapo hapo. Taka hizo zikikauka zinakuwa unga. Kitambaa ulichojifunga puani hakizuii mvuke, na wala hakimsaidii mtoto atakayetambaa pale kesho.

Mtoto mdogo hutia mikono kinywani mchana kutwa. Risasi anayoimeza, mwili wake huinyonya mara nne au tano kuliko mwili wa mtu mzima. Inaingia kwenye damu, inafika kwenye ubongo, nyingine inakaa ndani ya mifupa kwa miaka mingi. Mtoto anapungukiwa damu, tumbo linamsokota, anakosa choo, anakuwa mzito wa kujifunza. Ikizidi anapata degedege, anaweza kufa. Watu watasema ni malaria, au watamtafuta mchawi. Mama mwenye mimba naye, risasi iliyolala katika mifupa yake hutoka ikamfikia mtoto tumboni. Na akina mama wanaokula udongo wakati wa ujauzito waangalie sana udongo huo umechimbwa wapi.

Haya siyo maneno ya kutishana. Huko Senegal, karibu na mji wa Dakar, kuna mahali panaitwa Thiaroye-sur-Mer. Ni watu wa uvuvi kama sisi. Kwa miaka mingi mafundi wa pale walipasua betri za magari na kuyeyusha risasi ili wapate uzito wa nyavu. Vumbi likajaa ardhini. Bei ya risasi ilipopanda, watu wakaanza kuchimba udongo ule na kuuchekecha, wengine ndani ya nyumba zao. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa, na mwanzoni madaktari hawakujua ni ugonjwa gani. Jambo la Nigeria katika jimbo la Zamfara mwaka 2010 linatugusa zaidi sisi wa nchi ya dhahabu. Mawe ya dhahabu ya huko yalikuwa na risasi ndani yake, watu wakayasaga majumbani, na watoto zaidi ya 400 walikufa. Wachimbaji wetu wa Lwamgasa na Nyarugusu wamesikia mengi juu ya zebaki, lakini habari za risasi hazizungumzwi sana.

Wengine hutuambia, "Sisi tunakunywa maziwa baada ya kazi." Maziwa ni chakula kizuri, na mtoto aliyeshiba vizuri hunyonya risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Lakini maziwa hayatoi risasi iliyokwisha kuingia. Ukimshuku mtoto, mpeleke hospitali ukaseme wazi kwamba nyumbani mliyeyusha risasi. Usipotaja, daktari hawezi kubahatisha. Kinachoonyesha ni kipimo cha damu.

Na yule ambaye amekwisha yeyusha afanyeje? Asifagie pakavu, vumbi litaruka. Amwagie maji kwanza, akusanye udongo wa juu na taka zote, aziweke katika debe lenye mfuniko, mbali na watoto na kisima. Sufuria ile isipikiwe tena kamwe. Aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Na anayesema atayeyusha hivyo hivyo, basi aende mbali na nyumba, betri asiziguse kabisa (tindikali yake huunguza macho), na kalibu iwe kavu kabisa. Tone la maji likifunikwa na risasi ya moto hugeuka mvuke ghafla na kuchukua nafasi zaidi ya mara 1,600, na risasi yote inarukia usoni.

Lakini kwa nini uyeyushe? Kila kitu kikiwa majini hupungukiwa uzito. Risasi ya kilo 1 huvuta kama gramu 910, chuma cha kilo 1 kama gramu 870, jiwe la kilo 1 kama gramu 620 tu. Maana yake nati na vyuma chakavu vya gereji vinafanya kazi karibu sawa na risasi, kilo kwa kilo. Ukitumia mawe, weka kilo 1 na nusu mahali pa kilo 1 ya risasi. Yataleta usumbufu mtumbwini, hatukatai, na mengine yatakwama kwenye miamba. Chagua ya mviringo, uyafunge katika vipande vya wavu wa zamani.

Zoezi. Wavu wa kikundi una risasi kilo 6 kwenye kamba ya chini. Mkitaka kuweka mawe badala yake, mtahitaji kilo ngapi? Na kama jiwe moja lina gramu 300, ni mawe mangapi? Andikeni jibu, kisha mkapime mwaloni.