Bati Lenye Migongo

Bati la chuma lililo sawasawa ni dhaifu. Mtu akilishika ncha moja, ncha ya pili huinama. Upepo ukivuma, hutikisika na kulia kama ngoma. Lakini bati lile lile likitiwa migongo na mabonde, hukaa imara juu ya nyumba miaka mingi, wala hapakuongezwa chuma hata kidogo.

Jambo hili laweza kujaribiwa darasani. Mwanafunzi atwae karatasi, ailaze juu ya vitabu viwili vilivyoachana, kisha aweke kalamu katikati. Karatasi itaanguka pamoja na kalamu. Sasa aikunje mikunjo myembamba huku na huku, mfano wa upepeo, ailaze tena. Safari hii itaichukua kalamu, kwa kuwa imepata kimo. Ili iiname, hapana budi upande wa juu ubanwe na upande wa chini uvutwe, nayo hukataa.

Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer, mhandisi wa gati za London katika Uingereza, alipewa hati ya serikali kwa uvumbuzi wa mabati ya migongo. Lakini chuma kina adui, naye ni kutu. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati ya kukipaka chuma zinki kwa kukichovya. Zinki ni mlinzi mwaminifu: hata bati likikwaruzwa, huliwa yenyewe kwanza kabla ya chuma.

Siku hizi chuma hufika kiwandani kimeviringishwa mfano wa mkeka. Hupitishwa bila moto kati ya rola, yaani magogo ya chuma yazungukayo mawili mawili, moja juu na moja chini, kama yale yakamuayo miwa. Jozi ya kwanza hulipinda bati kidogo tu. Ya pili huongeza kidogo. Hivyo hivyo mpaka ya mwisho, ambapo umbo hutimia. Kisha kisu hulikata kwa urefu autakao mjenzi. Rola zikibadilishwa, mashine hutoa umbo jingine, kama michirizi ya maji au miimo ya milango.

Kwa nini lisipindwe mara moja? Kwa sababu kingo zikipandishwa ghafula husafiri njia ndefu kuliko katikati, zikavutika na kutoka zimekunjamana. Tena ngozi ya zinki yaweza kupasuka. Haraka haraka haina baraka.

Basi anunuaye bati na aangalie. Unene wake hutajwa kwa geji, na hapo wengi hukosea: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Tena migongo ielekee chini kama maji yanavyoteremka, ikivuka fito. Na msumari upigwe juu ya mgongo, si bondeni. Maji hupita bondeni, na tundu lililopo huko litaivujia nyumba. Bati zuri mkononi mwa fundi mzembe halimfai mwenye nyumba.

Maswali
1. Kwa nini karatasi iliyokunjwa iliichukua kalamu?
2. Zinki hulindaje chuma kilichokwaruzwa?
3. Kwa nini rola za jozi nyingi hutumika?
4. Msumari hupigwa wapi, na kwa sababu gani?