Kitabu cha Picha na Unga wa Mkate: Somo kwa Wazazi, Bibi na Babu



Somo letu la mwezi huu lawahusu watoto wetu wa miaka mitatu hadi sita, ambao bado hawajaanza darasa la kwanza. Kabla ya kuendelea, tufungue 2 Timotheo 1:5 na Luka 13:20-21. Katika somo la kwanza Mtume Paulo anamkumbusha Timotheo imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi, na katika mama yake Eunike. Tuangalie vema: hapo Mtume hataji shule; ataja nyumba. Katika somo la pili Bwana wetu anaufananisha ufalme wa Mungu na chachu ambayo mwanamke aliitia katika unga. Basi jikoni ni mahali pa mafundisho, na magoti ya bibi ni dawati la kwanza la mtoto.

1. Kosa tulilolifanya

Yafaa tuungame kwanza. Sisi tuliokaa miaka mingi chuoni tukiwafundisha vijana kazi ya ualimu, nyumbani kwetu tulikuwa na kitabu kizuri cha picha. Tulikiweka juu ya kabati kisije kikachanika. Mjukuu wetu alipokiomba, tulimwambia, "Mikono yako michafu." Alipotufuata jikoni tukikanda, tulimwambia, "Toka, utamwaga unga." Siku alipoanza shule, mwalimu alimpa kitabu, naye akakishika juu chini. Kitabu chetu hakikuchanika, lakini mtoto alikuwa hajakifungua. Unga wetu haukumwagika, lakini mtoto hakujua nusu kikombe ni nini. Tuliwafundisha wengine kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda, kisha kanuni hiyo tukaiacha nje ya mlango wetu.

2. Faida ya picha

Jambo hili si geni. Mwaka 1658, katika mji wa Nuremberg, askofu mmoja wa Kanisa la Ndugu, jina lake Comenius, alitoa kitabu cha watoto chenye picha na maneno bega kwa bega, ili mtoto akione kitu na kulijua jina lake kwa pamoja.

Tutoe mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1994 Eileen Browne wa Uingereza alitoa kitabu kiitwacho "Handa's Surprise", kuhusu msichana wa Kijaluo nchini Kenya. Handa ampelekea rafiki yake Akeyo kikapu cha matunda saba tofauti, amejitwika kichwani. Njiani anawaza Akeyo atapenda tunda lipi. Maneno yanasema hayo tu. Lakini picha zinaonyesha wanyama, mmoja baada ya mwingine, wakichukua tunda moja moja nyuma yake. Mtoto anayesikiliza hupiga kelele, "Bibi, tumbili amechukua ndizi!" Hapo ametambua jambo ambalo maneno hayakulisema. Mtoto huyo amekwisha kuanza kusoma, ijapokuwa hajui herufi hata moja.

Hapa Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991, na umesaidia kupatikana kwa vitabu vya watoto kwa Kiswahili. Asiye na uwezo wa kununua asikate tamaa. Kata picha katika kalenda ya zamani, zibandike kwenye karatasi ngumu kwa gundi ya unga uliopikwa na maji, kisha shona upande mmoja kwa uzi. Hicho nacho ni kitabu.

3. Jinsi ya kusoma pamoja

(a) Mwache mtoto ashike kitabu na kufunua kurasa mwenyewe.
(b) Pitisha kidole chini ya maneno, kutoka kushoto kwenda kulia.
(c) Uliza, "Unaona nini? Unadhani sasa itakuwaje?" Kisha nyamaza, umngoje ajibu. Sisi wazee tuna haraka ya kujibu maswali yetu wenyewe.
(d) Akitaka kitabu kile kile mara ya tano, kisome. Kwa kurudia, maneno yanakuwa yake.

4. Mkate wa kuoka na mtoto

Chukua vikombe 2 vya unga wa ngano, kijiko 1 cha chai cha hamira, vijiko 2 vya chakula vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko 1 cha chakula cha mafuta, na robo tatu ya kikombe ya maji ya uvuguvugu. Maji ya moto sana huua hamira. Nawisheni mikono. Mtoto apime na kumimina, huku akihesabu kwa sauti. Akande kipande chake mwenyewe. Unga ukimwagika, mpe kitambaa apanguse. Hilo nalo ni somo.

Funika donge kwa muda wa saa moja. Hamira hula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua unga. Likiisha kuumuka, likande kidogo, litie katika sufuria iliyopakwa mafuta, na uliache nusu saa tena. Kisha funika kwa mfuniko bapa. Weka makaa machache chini na mengi juu. Mkate huiva kwa dakika 25 hadi 30. Kazi ya moto ni ya mtu mzima peke yake. Mtoto akae mbali na jiko, wala asiachwe nalo hata kidogo.

5. Saa ya kungoja

Sasa twafika penye kiini cha somo. Donge halitaki kuharakishwa, na mtoto hajui kungoja. Saa hiyo moja ndiyo saa ya kitabu. Mikono imekwisha kunawa. Keti, umpakate, msome. Mkimaliza, funueni kitambaa mtazame. Donge lililokuwa dogo limekuwa kubwa, wala hakuna aliyeliona likikua. Ndivyo yalivyo maneno tunayoyaweka ndani ya mtoto.

Mjukuu wetu alijifunza kusoma baadaye, kwa taabu ambayo ingeweza kuepukwa. Mdogo wake tulimshushia kitabu kile. Leo kimechanika kurasa mbili na kina alama ya kidole cha unga. Hatujaifuta.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Nyumbani kwako, ni kitu gani kizuri umekiweka mbali na mikono ya watoto? Kwa sababu gani?
2. Wewe uliyesimamia ubatizo wa mtoto, ni lini ulipokaa naye kwa saa moja?
3. Je, parokia yetu yaweza kuwa na sanduku la vitabu vya picha, watoto waazime baada ya ibada ya Jumapili?