Mpango wa Matokeo Uwe Tayari Kabla ya Januari

Simiyu, Novemba ni mwezi wa majembe na wa mtihani wa taifa wa kidato cha nne, vyote kwa pamoja. Mwalimu wetu wa unasihi anajibu maswali ya wanafunzi na wazazi.

Shikamoo mwalimu. Nasoma Bariadi. Tangu mtihani wa utamilifu, nikikaa kusoma hakuna kinachoingia kichwani. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Acha kwanza kurudia daftari ukurasa kwa ukurasa. Chukua mtihani wa NECTA wa miaka iliyopita, chagua swali moja, funga daftari, lijibu kwa kuandika, kisha fungua ujisahihishe. Ulipokwama ndipo pa kusoma leo. Kesho chukua jingine.

Na ulale. Mkoa wetu umejijengea jina kwa kambi za kitaaluma, hasa enzi za mkuu wa mkoa Anthony Mtaka, nami naziunga mkono: mtoto ambaye kwao hakuna taa wala meza anapata vyote viwili, na mwalimu wa kumuuliza. Ila kambi inayowakesha watoto hadi usiku wa manane inawadhulumu. Aliyelala vizuri hukumbuka alichosoma.

Mwalimu, mvua ndiyo hiyo na pamba inataka kupandwa. Binti yangu yuko shule ya kutwa. Asaidie hata asubuhi?

Hapana, mama. Wiki za mtihani asishike jembe wala ndoo ya maji. Kama kaka zake wapo, wachote wao.

Niko Itilima. Kijana wangu akipata daraja la nne, ndiyo basi tena?

Siyo basi, baba, na ningependa kila mzazi alielewe hili kabla matokeo hayajatoka. NECTA huhesabu masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Kidato cha tano cha serikali kinataka angalau C tatu, somo la dini halihesabiwi, na pointi zisizozidi 25. Daraja la nne huanzia 26, kwa hiyo mlango huo unafungwa.

Sasa tazama matokeo yenyewe, usiishie kwenye daraja. Kijana mwenye D za Kemia, Bailojia na Fizikia, pamoja na D nyingine, anaweza kuomba diploma ya utabibu. Daraja la nne hilohilo, bila D ya Kemia, halimfikishi huko. Ndiyo maana nawaambia watahiniwa wasilitelekeze somo gumu: D moja inaweza kuamua.

Ufundi nao usiwe adhabu ya aliyefeli. VETA wanafundisha umeme, magari, ushonaji. Muulize kijana anapenda kipi, mkaulizie ada na tarehe za maombi mapema. Na akitaka kurudia, atajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili huo hufanyika mwanzoni mwa mwaka, wakati matokeo hutoka mwishoni mwa Januari. Familia inayongoja matokeo ndipo ianze kufikiri itajikuta inakimbizana na tarehe, pesa ya pamba imekwisha na msimu wa kuuza haujafika. Tengeni ada sasa.

Siku yenyewe ya matokeo tufanye nini?

Mwenye simu na namba ya mtihani ya mtoto anaweza kuyaona, hata jirani. Kwa hiyo kaeni naye, myafungue pamoja. Yakiwa mabaya, siku hiyo hakuna kumlinganisha na mtoto wa fulani, wala kumtajia gharama za sare na michango. Mipango ingoje kesho yake. Lakini akijifungia, akakataa chakula, au akatamka kwamba hana haja ya kuishi, msimwache peke yake hata kwa saa moja. Ondoeni viuatilifu vya pamba ndani ya nyumba, na mumpeleke hospitali siku hiyohiyo.