Toka Tromsø mpaka Longyearbyen: kilometa ngapi, saa ngapi?

Somo letu la leo limetoka katika ubishi. Tulikuwa mbele ya ramani kubwa ya ukutani, tukitafuta Norwe, nchi walikotoka wamisionari wa Kaziba. Huko juu kabisa tukaona miji miwili yenye kiwanja cha ndege: Tromsø, na Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard. Mmoja wetu akauliza: ndege inatumia saa ngapi kati yao?

Tukashika rula, tukapima, tukafuata kipimo kilichoandikwa chini ya ramani. Tukapata kilometa 3.500. Ndege kubwa inakimbia kama kilometa 800 kwa saa, basi safari ni zaidi ya saa nne. Lakini ratiba ya ndege inasema saa moja na dakika 40 hivi! Nani anadanganya?

Ni ramani. Ramani ya namna ile ilibuniwa na Mercator, mtu wa Flandre, mwaka 1569, kwa ajili ya mabaharia. Inawaonyesha vizuri upande wa kuelekea, lakini ukubwa inauharibu. Kwetu karibu na ikweta kipimo ni sawa. Kule Tromsø kila kitu kimevutwa karibu mara 3, na Longyearbyen karibu mara 5. Sisi tulipima nguo iliyovutwa, ndiyo maana.

Tufanye hesabu bila rula. Tromsø iko kwenye 69°41' kaskazini, Longyearbyen 78°15'. Tofauti ni 8°34'. Digrii moja ya latitudo ni kilometa 111, basi tunapata 951. Longyearbyen iko pia magharibi kidogo, kama digrii tatu na nusu za longitudo. Lakini angalieni: mistari ya longitudo inakaribiana kadiri tunavyopanda kuelekea ncha ya dunia, na huko digrii moja ni kilometa 30 tu na kidogo. Ni kusema kilometa 106 hivi. Kwa Pitagora tunapata 957.

Sasa saa. 957 kwa 800 ni saa moja na dakika 12. Dakika nyingine zimeenda wapi? Ratiba inahesabu tangu ndege inaondoka mahali iliposimama: kutembea uwanjani, kupanda polepole, kushuka, kutafuta njia ya kutua. Upepo nao una neno lake.

Na hesabu hii si mchezo. Tangu mwisho wa Oktoba mpaka katikati ya Februari jua halichomozi Longyearbyen. Kiwanja kilifunguliwa mwaka 1975, juu ya udongo ulioganda. Mbele ya hapo, barafu ya bahari ilikuwa inazuia meli miezi mingi ya baridi. Hata leo ukungu ukifunga kiwanja, ndege yaweza kurudi Tromsø bila kutua. Hapo kilometa 957 zinakuwa 1.914, na juu ya bahari hakuna mahali pa kuomba mafuta.

Zoezi: Goma iko 1°40' kusini, Lubumbashi 11°40', na longitudo zao hazitofautiani sana. Tafuteni kilometa kwanza kwa hesabu, kisha kwa rula juu ya ramani ile ile. Mtaona kwamba safari hii majibu mawili yanakaribiana.